Walimu wa densi za klasiki za India: dhana potofu na ukweli wake

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, densi ya Kihindi iliingia nyumbani kupitia filamu. Tumezitazama tangu utotoni na kukariri nyimbo zake bila kuelewa maneno, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Shida huanza pale mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam anapompeleka mtoto kwa mwalimu wa Bharatanatyam au Kathak akitarajia mambo ya filamu, kisha baada ya miezi michache analalamika kwamba mtoto anapigishwa miguu chini tu, kila siku yale yale. Mwalimu anaonekana mvivu, au anaonekana anavuta muda ili ale ada. Naiheshimu sana kazi ya walimu hawa, na inaniuma kuiona ikidharauliwa kwa sababu ya kutojua.

Dhana: Huyu ni mwalimu wa densi za filamu

Siye. Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya India inayosimamia muziki, densi na tamthilia, inatambua densi nane za klasiki: Bharatanatyam ya Tamil Nadu, Kathak ya kaskazini, Kathakali na Mohiniyattam za Kerala, Kuchipudi ya Andhra Pradesh, Odissi ya Odisha, Manipuri ya Manipur, na Sattriya ya Assam, iliyoongezwa mwaka 2000. Kila moja ina nyimbo zake, lugha zake, mavazi yake na namna yake ya kuukunja mwili. Mwalimu wa Kathakali aliyesomea sanaa hiyo nusu ya maisha yake hawezi kukufundisha Odissi, wala hatajaribu. Filamu huazima kutoka kwa densi hizi, na hata gwiji wa Kathak, Birju Maharaj (1938–2022), alitunga densi kwa ajili ya filamu kadhaa. Lakini kazi iliyomjaza siku zake ilikuwa kufundisha, kwa miaka mingi akiwa katika Kathak Kendra, Delhi.

Dhana: Mwalimu husimama mbele akacheza, wanafunzi wakamwiga

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Ingia katika darasa la Bharatanatyam lililofuata utaratibu wa asili, utamkuta mwalimu ameketi chini. Mbele yake kuna kibao kizito cha mbao, na mkononi ana fimbo fupi nene. Fimbo ni ya kibao, si ya kumchapa mtu. Anagonga mapigo huku akitamka silabi kwa sauti: *tai ya tai*, *tai ya tai*. Wanafunzi wamesimama katika mkao wa nusu kuketi, visigino vimekaribiana, magoti yamefunguka pembeni, mgongo umenyooka. Mguu unanyanyuliwa, unapigwa chini bapa, unafuata wa pili.

Zoezi hilo moja huchezwa katika kasi tatu. Ya pili ni maradufu ya kwanza, ya tatu maradufu ya pili, na muda wote huo pigo la fimbo halibadiliki. Mwanafunzi ndiye anayetakiwa kugawanya muda ndani ya kichwa chake na miguuni mwake. Mwalimu mzoefu anaweza kuinamisha uso, asimtazame mtu, na bado akajua ni nani aliyechelewesha mguu wa kushoto. Akiinua macho anaangalia magoti. Goti likielekea ndani huku vidole vya mguu vikielekea nje, uzito wote wa mwili unakipinda kiungo hicho, na maumivu yatakuja tu, kama si mwaka huu basi miaka kumi baadaye. Ndiyo maana ya kurudia yale yale. Mwalimu anayemrukisha mtoto hatua hiyo ili mzazi afurahi anamharibia mwili.

Na mwalimu huyo ni mwanamuziki kwanza. Katika onyesho anakaa pembeni ya jukwaa pamoja na mwimbaji na mpiga ngoma iitwayo mridangam, mikononi ana matoazi madogo, na yeye ndiye anayewaongoza wote. Watamil humwita nattuvanar. Anapaswa kuzijua nyimbo za Kitamil, Kitelugu na Kisanskriti, azijue raga zake, yaani mifumo ya sauti za nyimbo, ajue hesabu za tala, yaani mizunguko ya mapigo, na ajue ni wapi mchezaji atahitaji nukta moja ya kuvuta pumzi. Meenakshisundaram Pillai wa kijiji cha Pandanallur (1869–1954), aliyewafinyanga wachezaji wengi wakubwa wa karne iliyopita, alijulikana kwa ufundishaji na utunzi wake. Wengi wa walimu wa ukoo kama wake hawakuwa wachezaji wa jukwaani kabisa, na hakuna aliyeona hilo kuwa upungufu.

Dhana: Kila ishara ya mkono ina maana moja, mwalimu anakukaririsha orodha

Orodha ipo, na hukaririwa kweli. Maandishi ya Kisanskriti yaitwayo Abhinaya Darpana yanataja maumbo 28 ya mkono mmoja, na wanafunzi huyaimba kwa mpangilio. Lakini chukua umbo la kwanza kabisa, pataka: kiganja wazi, vidole vimebanana, kidole gumba kimekunjwa. Maandishi hayo yanasema umbo hilo linaweza kuwa wingu, msitu, usiku, mto, farasi, upepo, kulala, kukataa kitu, na mengine mengi. Mkono wenyewe haukwambii ni lipi. Macho, shingo, kasi ya mkono na maneno ya wimbo ndivyo vinavyoamua. Kwa hiyo orodha ni ya wiki chache, na kumfundisha mtu auangalie mto usiokuwepo mpaka watazamaji wauone ni kazi ya miaka. Katika Kathakali macho yana mazoezi yake peke yake: wanafunzi huamka kabla ya mapambazuko, hupakwa samli machoni, kisha huyazungusha macho kwa mapigo, polepole halafu haraka, mwalimu akiwa amekaa karibu.

Dhana: Ni fani ya wanawake

Anayesema hivi ameona Bharatanatyam peke yake, tena ya siku hizi. Kuchipudi ilianza kama tamthilia ya wanaume wa Kibrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu, katika kijiji chenye jina hilo hilo, na hata wahusika wa kike waliigizwa na wanaume. Vedantam Satyanarayana Sarma alipata umaarufu mkubwa kwa kumwigiza malkia Satyabhama. Baadaye Vempati Chinna Satyam (1929–2012) akaipeleka Kuchipudi Madras (leo Chennai) na kuwafundisha wasichana kwa wingi. Mwalimu aliyeipa Odissi sura tunayoiona leo, Kelucharan Mohapatra (1926–2004), alianza akiwa mvulana wa gotipua, yaani vijana wanaocheza wakiwa wamevaa kike. Huko Kerala Kalamandalam, chuo kilichoanzishwa mwaka 1930 na mshairi Vallathol Narayana Menon pamoja na Mukunda Raja, wasichana walianza kupokelewa rasmi katika kozi ya Kathakali mwaka 2021 tu. Mohiniyattam nayo ilikuwa ya wasichana pekee chuoni hapo mpaka mwaka 2024, ulipotolewa uamuzi wa kuwafungulia mlango wavulana.

Dhana: Walimu wanafundisha kile kile kilichofundishwa miaka elfu mbili iliyopita

Maneno haya hutamkwa sana kwenye maonyesho, mara nyingine na walimu wenyewe. Nadhani yanawadhulumu watu halisi waliofanya kazi hii.

Ni kweli kwamba Natya Shastra, kitabu kikuu cha sanaa za jukwaani, ni cha kale sana, na mengi yaliyomo bado yanafundishwa. Lakini mpangilio wa onyesho la Bharatanatyam, kuanzia densi ya ufunguzi, alarippu, hadi ya kufungia, tillana, unahusishwa na ndugu wanne walioishi mwanzoni mwa karne ya 19 katika ikulu ya Thanjavur: Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu. Walikuwa walimu wa ukoo, na waliowafundisha walikuwa wanawake wa jamii za devadasi, waliowekwa wakfu kwa mahekalu na kucheza huko na ikulu. Densi yenyewe haikuitwa Bharatanatyam. Iliitwa sadir, na jina jipya lilienea katika miaka ya 1930.

Jina lilibadilika kwa sababu dunia nzima iliyoizunguka densi hiyo ilikuwa inabomoka. Wapigania mageuzi, daktari Muthulakshmi Reddy akiwa mstari wa mbele, walitaka wasichana wasiwekwe wakfu tena, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku jambo hilo. Lengo lilikuwa kuwalinda. Hata hivyo wanawake wengi wa jamii hizo walijikuta hawana jukwaa, hawana kipato, na jina lao limegeuzwa tusi. Wakati huo huo densi yao ikawa inapokelewa kwa heshima katika familia za tabaka la juu. Rukmini Devi Arundale (1904–1986), Mbrahmini, alijifunza kwa Meenakshisundaram Pillai, akacheza hadharani mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaanzisha Kalakshetra, chuo ambacho leo kiko chini ya sheria ya bunge la India ya mwaka 1993.

Nani aliwafundisha wanafunzi wa mwanzo wa Kalakshetra? Walimu wa koo zile zile. Alikuwepo Meenakshisundaram Pillai mwenyewe, kisha mkwewe Chokkalingam Pillai. Mylapore Gowri Ammal, mwanamke wa hekalu la Kapaleeshwarar, alimfundisha Rukmini Devi kuigiza hisia, kama alivyomfundisha mchezaji mashuhuri Balasaraswati. Baadaye wahitimu wa chuo wakashika matoazi wenyewe, na kazi iliyokuwa ya wanaume wa koo chache ikawa ya yeyote aliyesoma. Hilo ni jambo kubwa na jema. Lakini mwanafunzi anayeambiwa kwamba densi yake imeshuka moja kwa moja kutoka kwa wahenga wasio na majina anafichwa jina la Gowri Ammal, na sioni sababu ya kumficha. Balasaraswati (1918–1984), mzaliwa wa jamii ya devadasi, hakukubali hata siku moja kwamba sanaa ya mama zake ilihitaji kusafishwa. Aliitetea hadharani, akaicheza, akaifundisha hadi Marekani.

Dhana: Lazima mwalimu awe Mhindu

Nyimbo nyingi zinawahusu miungu ya Kihindu kama Krishna, Shiva na Devi, na darasa hufunguliwa kwa salamu ya kuigusa ardhi. Hapo ndipo dhana hii inapotokea. Leela Samson, aliyeiongoza Kalakshetra kuanzia 2005 hadi 2012, alizaliwa na baba Myahudi na mama Mkatoliki. Kalamandalam Hyderali, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waimbaji wanaopendwa zaidi wa Kathakali. Kathak nayo ilistawi katika ikulu ya Lucknow chini ya Wajid Ali Shah, nawabu (mtawala) Mwislamu aliyeondolewa madarakani na Waingereza mwaka 1856 na ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi na mchezaji.

Dhana: Guru hahojiwi

Heshima kwa guru ni ya kweli. Mwanafunzi humgusa miguu, na hatamki jina la mwalimu wake hivi hivi. Zamani aliishi nyumbani kwa mwalimu, akamsaidia kazi za nyumba, akafundishwa pale nafasi ilipopatikana. Chuo kiliyabadilisha mengi: kuna ratiba, kuna mtihani, kuna walimu kadhaa badala ya mmoja, kuna ada badala ya zawadi. Kilichobaki katika vichwa vya wengi ni kwamba mwalimu akisema, imekwisha.

Mwezi Machi 2023 wanafunzi wa Kalakshetra waliketi chini uani wakagoma, wakilalamikia unyanyasaji wa kingono. Mwezi uliofuata polisi walimkamata mmoja wa walimu. Kuna waliowaambia wanafunzi hao kwamba wanavunja mila. Mimi naona walifanya jambo la haki. Mwalimu wa densi hugusa mwili wa mwanafunzi, humsahihisha bega, nyonga, goti, na kwa sababu hiyo anapaswa kuwa na mipaka iliyo wazi kuliko mwalimu wa hesabu. Walimu wengi wa sasa huomba ruhusa kabla ya kugusa, au huelekeza kwa fimbo na maneno. Ufundi wao haupungui hata kidogo.

Dhana: Ukishafanya arangetram unaweza kufungua darasa

Arangetram ni onyesho la kwanza la peke yako, lenye wanamuziki, mavazi kamili na wageni. Katika jamii za Wahindi wa Afrika Mashariki limekuwa sherehe kubwa ya familia, mara nyingi mtoto akiwa bado shuleni. Linathibitisha kwamba mwanafunzi ameweza kuubeba mpangilio mzima kwa saa mbili hivi. Halithibitishi kwamba anaweza kufundisha.

Diploma ya Kalakshetra ni ya miaka minne, na anayetaka kuendelea huongeza miaka mingine miwili. Ndani yake kuna kuimba, kuna nadharia, kuna kushika matoazi na kuongoza wengine. Mchezaji mzuri akiingia darasa la matoazi kwa mara ya kwanza hugundua kwamba mkono unataka kufuata miguu ya mwenzake badala ya kuiongoza, na kwamba ulimi unachelewa kutamka silabi ambazo mwili wake unazicheza bila shida.

Kwa hiyo mzazi anayetafuta mwalimu aombe kuketi pembeni somo moja zima, na mlango wa darasa uwe wazi kwa wazazi siku zote. Asikilize kama mwalimu anatamka mapigo kwa mdomo wake au anategemea rekodi tu. Aangalie kama anayasahihisha magoti. Amuulize alisoma kwa nani, na mwalimu wa mwalimu wake alikuwa nani. Mwalimu aliyelelewa vizuri katika sanaa hii hulipenda swali hilo, na atakutajia majina bila kusita.