Mchanga ukiisha kabla ya kabro, simama

Kabla sijaanza kulipwa kwa kazi hii, nilijitandazia kabro, yale matofali ya zege ya kutandika sakafu ya nje, nyuma ya nyumba niliyokuwa nikiishi Embakasi, Nairobi. Zilipendeza Januari nzima. Kufikia Mei, mvua ndefu zikiwa zimeshakolea, kona ya karibu na bomba la mfereji wa paa ilikuwa imeumuka kama andazi, na katikati pamebonyea hadi kuku wa jirani wanakuja kunywa maji. Kabro hazikuwa na hatia. Nilizilaza juu ya udongo mweusi na mchanga mtupu, unene wa kidole hapa, wa kiganja pale, nikifuata mabonde ya ardhi.

Siku hizi mtu akiniuliza kama anaweza kujijengea kibaraza cha kabro uani bila fundi, namwambia anaweza, ila picha za rangi na mitindo zisubiri. Anionyeshe udongo kwanza. Ule mweusi wa Embakasi, South C au Utawala, unaoganda kwenye gambuti mpaka unajiona umerefuka, hunyonya maji ukavimba, kisha jua likiwaka husinyaa na kupasuka. Mwekundu wa Kabete ni mpole zaidi. Kwa mwekundu nachimba sentimita 24: 15 za tabaka la msingi, 3 za mchanga, 6 za kabro yenyewe. Gari likipita juu, kabro iwe ya sentimita 8 na msingi uongezwe. Kwa mweusi nachimba zaidi, naongeza angalau sentimita 20 za murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, chini ya hayo yote, na bomba la paa nalielekeza mbali. Hata hivyo simwapii mtu kwamba hapatasogea kamwe.

Tuchukue kibaraza cha mita 4 kwa 5. Kabro za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika kila mita mraba, kwa hiyo unataka 1,000, na 50 za ziada za kukata na kuvunjika. Hizo ni karibu tani 3, na lori halitazibeba hadi mlangoni pa jikoni. Kinachowashangaza wengi zaidi ni udongo: shimo ni la mita za ujazo 4.8, lakini udongo ukishatoka hufura na kupita 6. Jua utaupeleka wapi kabla hujashika jembe.

Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kuelekea bustanini. Uso wake ukae sentimita 15 au zaidi chini ya ule mstari mweusi wa kuzuia unyevu ukutani, la sivyo nyumba itaanza kunywa maji kwa miguu.

Msingi ni kokoto zilizochanganyika na vumbi lake, au murramu nzuri. Mwaga tabaka lisilozidi sentimita 10, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa kompakta ya kukodi, ile mashine ya kushindilia, kisha tabaka jingine. Shindilio la mkono linafaa pembeni tu. Kanyaga kwa kisigino. Kikiacha alama, rudia. Ukimaliza, vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo kwa mteremko ule ule, upime kwenda chini kila nusu mita. Pakipungua au kuzidi kwa zaidi ya sentimita 1, sahihisha kwa kokoto.

Hapo ndipo watu huchoka. Mteja mmoja wa Kasarani aliyekuwa akijifanyia mwenyewe alinipigia simu Jumamosi jioni.

"Fundi, mchanga umeisha na sijamaliza kutandaza. Niagize mwingine?"

"Hapana, mzee. Uondoe huo uliotandaza."

Hakufurahi. Kwa mita 20 mraba, sentimita 3 za mchanga ni mita ya ujazo 0.6 tu, naye alikuwa amemaliza zaidi ya hiyo. Tulipoufagia tukakuta bonde la sentimita 6, refu na jembamba, limepita kabisa juu ya mtaro wa bomba la choo ambao mjenzi aliufukia bila kuushindilia. Mchanga wa unene mkubwa huendelea kujipanga kila ukikanyagwa, na kabro hushuka nao.

Alishindilia upya mtaro ule siku mbili. Kisha tukalaza mabomba mawili membamba kama reli, tukavuta ubao juu yake, mchanga ukabaki umenyooka kama kitanda kilichotandikwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga. Kabro akazipanga kwa mtindo wa mkeka. Kingo tukazishika kwa zege, maana bila kingo kabro hutawanyika. Tukapitisha kompakta juu ya zulia kuukuu, tukafagia mchanga laini mkavu kwenye mianya, tukapitisha tena. Saruji aliyotaka kuchanganya humo nilimkataza: ikishapasuka, kuichokoa ni adhabu.

Mvua za Novemba zilipoisha alinitumia picha. Meza ya plastiki, kikombe cha chai, sakafu imenyooka, na kijito cha maji kinapita bustanini moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa jirani. Hilo la jirani bado tunalizungumza.