Namba ya ini imepanda: usianze kulia bado

Mtu wa Lamu anayefuatiliwa ini huenda akavuka hadi Mokowe, akapanda basi la Malindi au Mombasa, akapimwa kwa FibroScan, mashine ya kupima ugumu wa ini, akarudi na karatasi ya majibu. Karatasi hiyo ndiyo inayoleta balaa. Mwaka jana iliandikwa 6.8, mwaka huu 8.1, na kabla hajafika kwake Langoni jamaa wameshampa pole.

“Imepanda, basi ini limezidi kuharibika.” Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote. FibroScan haihesabu makovu. Kifaa hugonga kidogo ubavu wa kulia, mtikisiko ukapita ndani ya ini, na mashine hupima kasi yake: ini gumu huupitisha mbio zaidi. Ugumu huo huandikwa kwa kilopaskali. Makovu hulifanya ini kuwa gumu, naam, lakini si makovu peke yake. Ukila, damu huongezeka kuelekea kwenye ini na namba hupanda, ndiyo maana huagizwa ukae angalau saa tatu bila kula. Aliyekula mahamri kwa mbaazi aliposhuka basi, akaingia kupimwa nusu saa baadaye, amepima ini lake pamoja na kifungua kinywa. Homa ya ini ikiamka, namba hupanda kwa sababu ya uvimbe. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, au njia ya nyongo ikiziba, ni vivyo hivyo. Kwa hivyo daktari huisoma namba hiyo sambamba na vipimo vya damu, hasa ALT, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likijeruhiwa.

Na hata bila sababu yoyote kati ya hizo, mtu yuleyule akipimwa mara mbili katika wiki moja, majibu hayatalingana kabisa. Kutoka 6.8 hadi 8.1 huenda ni hilo tu. Kutoka 7 hadi 14, tumbo tupu, ALT iko chini, hapo pana jambo la kuzungumza. Tazama pia palipoandikwa IQR. Mashine hupiga mara 10 na kuchukua namba ya katikati. IQR huonyesha vipimo hivyo vimetawanyika kiasi gani. Ugumu ukiwa juu na IQR ikazidi asilimia 30 ya namba ya katikati, heri urudie. Na ukiweza, rudia kwa mashine ya aina ileile, maana kilopaskali za mashine tofauti hazilinganishwi moja kwa moja.

Halafu karatasi ina namba mbili. Utamsikia mtu akisema ini lake limefika 290 na la jirani ni 6, kumbe anasoma CAP, kipimo cha mafuta, ambacho huanzia 100 hadi 400. Herufi S ni ya mafuta, F ni ya makovu.

“Imeshuka, nimepona.” Hii ni ya hatari zaidi, kwa kuwa haimtishi mtu. Mwenye homa ya ini B akianza tenofoviri, dawa ya kudhibiti virusi hivyo, namba hushuka mapema kwa sababu uvimbe umetulia. Makovu yenyewe hupungua polepole, kwa miaka. Akiacha dawa bila daktari, virusi vinaweza kuamka kwa kishindo. Na aliyewahi kuambiwa ana sirosisi, yaani makovu yaliyoenea ini zima, aendelee na altrasaundi kila miezi 6 ya kutafuta saratani, hata kama FibroScan sasa inapendeza.

“Altrasaundi haikuona mafuta, basi yameisha.” Altrasaundi hutegemea jicho la anayeipiga, na mafuta machache huweza kuipita. Mwaka huu “kiasi”, mwaka ujao “kidogo”: pengine aliyebadilika ni mpimaji.

Doa jipya kwenye picha ya ini nalo huzua kilio. Mengi huwa ni vifuko vya maji au mafundo ya mishipa ya damu yasiyo na madhara. Ila kwa mwenye sirosisi au homa ya ini B sugu, doa la sentimita 1 au zaidi halingojei; linataka CT au MRI yenye dawa ya kung'arisha picha. Lililo dogo kuliko hapo kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi michache.

Kahawa tungu inalaumiwa bure: tafiti nyingi zimekuta wanywaji wana makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Halwa inayoandamana nayo ndiyo ya kupunguza. Mwenye mafuta ya ini akipunguza asilimia 5 ya uzito wake, mafuta hupungua. Akifika 7 hadi 10, hata uvimbe hutulia. Miraa sina la kuitetea, imeshahusishwa na homa ya ini isiyo na virusi. Na zile chupa za “kusafisha ini”, baadhi ya mitishamba hulijeruhi ini lenyewe. Ikiwa umezinywa kabla ya kipimo, mpelekee daktari chupa aione.