GB nyingi sio nguvu, acheni kununua kadi za grafiki kwa kuangalia GB

Nimechoka kujibu swali moja. Mtu analeta mashine, anasema "fundi, gemu ya FC 25 inataka GB 4, nimenunua kadi ya GB 4, mbona inakwama kwama?" Nafungua keisi nakuta GT 730. Kila mara ni GT 730, yani hela ya kijana wa watu imeshaenda na dukani hawarudishi.

Dhana: kadi yenye GB nyingi ndo yenye nguvu

Hapana kabisa. FC 25 haijasema inataka GB 4, imesema GTX 1050 Ti ya GB 4 au RX 570 ya GB 4, nyie mnasoma mwisho wa mstari mnaruka jina la kadi wakati jina ndo kila kitu. GB ni nafasi ya kuweka vitu vya gemu tu, anayechora ni chipu, na kati ya chipu na memori kuna njia, sasa njia ikiwa nyembamba hizo GB ni ghala kubwa lenye mlango wa kupita mtu mmoja. GT 730 ni ya 2014, zile za GB 4 nyingi zina memori aina ya DDR3, ya polepole, na njia ya biti 64, zinapitisha kama GB 14 kwa sekunde. 1050 Ti ya 2016 ina GDDR5, memori ya kasi, na njia ya biti 128, inapitisha GB 112 kwa sekunde, karibu mara nane, na kori zake, yani vitengo vya kuchora ndani ya chipu, ni 768 wakati mwenzake ana 384. Maboksi yote mawili yameandikwa 4GB! Hata GTX 750 Ti ya GB 2, iliyotoka mwaka uleule wa GT 730, inaiacha mbali.

Wauzaji wanajua macho yenu yanaenda wapi ndo maana GB zinaandikwa kubwa katikati ya boksi na aina ya memori inawekwa pembeni kwa maandishi ya sisimizi. Isome hiyo ya pembeni. GT 1030 zipo aina mbili zenye GB 2, jina moja, ila ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde na ya DDR4 haifiki hata 17.

Sijasema GB hazina maana. Zikijaa, kadi inaanza kuazima ram ya mashine na gemu inashtuka shtuka, kwahiyo ukikuta RX 570 ya 4 na ya 8 na bei hazijapishana sana beba ya 8. Ila unalinganisha GB kwenye chipu ileile, basi. Na kuna gemu haziangalii GB zako kabisa, Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 inataka chipu yenye ray tracing yake (sehemu ya kukokotoa mwanga), mwenye GTX 1080 Ti ya GB 11 haingii, mwenye RTX 2060 Super ya GB 8 anaingia.

Dhana: Task Manager inaonyesha nina GB 4 za grafiki

Hiyo ni nusu ya ram yako Windows imeihesabu kama ya kuazima. Una ram 8 itakuonyesha karibu 4, na bado ni Intel HD ileile, grafiki ya ndani ya prosesa.

Dhana: namba kubwa ndo kali

Kwa NVIDIA namba za mwanzo ni kizazi, mbili za mwisho ndo daraja. 1030 ni kizazi kipya kuliko 970 lakini daraja la 30 na la 70 wapi na wapi.

Dhana: kadi yoyote inaingia mashine yoyote

Hapa naomba mnisikilize maana wengi mna Dell OptiPlex za mtumba za maofisini, keisi nyembamba, sapulai ya wati 240 isiyo na waya wa kadi. RX 580 inakula wati 185 peke yake, slot ya mazabodi inatoa 75, utaipeleka wapi? Tafuta kadi fupi ya kimo (low profile) isiyo na tundu la umeme, GTX 1650 au 1050 Ti, zipo. RX 6400 nayo inakula wati 53 tu, ila inatumia njia nne tu za PCIe, ile slot inayochomekwa kadi, kwahiyo kwenye mazabodi ya zamani inapungua nguvu. Pima keisi na rula, piga picha stika ya sapulai, ndo uende dukani.

Dhana: nimefikia minimum kwahiyo itacheza safi

Minimum ni setingi za chini. Ukitaka iteleze angalia recommended, kwa FC 25 ni GTX 1660 au RX 5600 XT.

Dhana: jina likitokea kwenye Windows basi kadi ni halali

Zipo GTS 450 za zamani zilizoandikwa upya bios, programu ya ndani ya kadi, zikajiita 1050 Ti. Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu ya kukagua kadi, tangu 2018 inaweka neno FAKE mbele ya jina la kadi ikiikamata, na muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako ondoka na hela yako.