Ndani ya Sinagogi: Gombo Ndilo Linalopanga Chumba

Wakazi wengi wa Nairobi wamepita mara nyingi mbele ya sinagogi lililo penye kona ya University Way na Uhuru Highway bila kujua kilichomo ndani. Jengo la sasa ni la mwaka 1955. Lililotangulia liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1912, mji wenyewe ukiwa bado mchanga. Kule Lubumbashi lipo jingine, kazi ya msanifu Raymond Cloquet, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa jamii ya Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Na karibu na Mbale, Uganda, kwenye kilima cha Nabugoye, Abayudaya, jamii ya Kiyahudi ya huko, walifungua sinagogi lao jipya mwaka 2016, karibu karne moja tangu mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alipoifuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919.

Kwa nje, majengo hayo matatu kila moja lina sura yake. Ndivyo ilivyo dunia nzima, kwa sababu sheria ya Kiyahudi haisemi mengi kuhusu umbo la jengo. Wayahudi wamejenga kwa mtindo wa majirani zao popote walipoishi: matao ya Kimoorishi Hispania, mbao Poland, matofali ya kuchoma Uganda. Ndani ndiko kwenye masharti. Mafundi na wanafunzi wetu wa usanifu wa ndani huuliza waanzie wapi wanapopewa kazi ya aina hii, na jibu letu ni moja: anzeni na gombo.

Gombo la Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, huandikwa kwa mkono, kwa wino, juu ya ngozi ya mnyama halali, na mwandishi aliyesomea kazi hiyo. Lina herufi 304,805, na moja tu ikikosekana gombo halifai kusomwa mpaka lirekebishwe. Husomwa lote kwa mwaka mmoja, sehemu moja baada ya nyingine, na sehemu zote ni 54. Ni zito: kilo kumi na zaidi ni jambo la kawaida. Ngozi haiguswi kwa kidole. Msomaji hufuata mstari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, ambacho ncha yake ni mkono mdogo ulionyoosha kidole cha shahada. Kitu hiki kimoja, kizito, cha thamani, kinachotoka mahali pake, kupita katikati ya watu, kusomwa kisha kurudishwa, ndicho kinachoamua kabati la kulihifadhi liwe wapi, njia iwe pana kiasi gani na watu wakae wakitazama wapi.

Tuanze na kabati. Huwekwa kwenye ukuta unaoelekea Yerusalemu. Ulaya na Marekani hiyo ni mashariki, na vitabu vingi vya usanifu vimeandika "ukuta wa mashariki" kana kwamba ni kanuni ya dunia nzima. Kwetu sivyo. Nairobi na Yerusalemu zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo kabati hukaa kaskazini. Mwislamu wa Dar es Salaam anayeelekea kibla na Myahudi wa Nairobi anayeelekea Yerusalemu wote wawili wanatazama kaskazini, kwa tofauti ya nyuzi chache tu. Fundi anayenakili mchoro kutoka London bila kushika dira atawaelekeza waumini Bahari ya Hindi.

Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kujikunja. Katika miji ya pwani hilo si jambo dogo. Kabati lipitishe hewa, lisigusane na ukuta wa nje unaolowa mvua, na lisipigwe na jua la moja kwa moja. Mbele yake huning'inizwa pazia la kitambaa kizuri, ambalo jamii nyingi hulibadilisha kuwa jeupe siku za Mwaka Mpya wa Kiyahudi na Siku ya Upatanisho. Juu yake huwaka taa ya daima, zamani ya mafuta, siku hizi ya umeme. Kwa taa hiyo wekeni waya wake peke yake na betri ya akiba. Umeme wetu unakatika, na taa ya daima inayozimika kila wiki ni kazi iliyofanywa nusu.

Sasa twende kwenye jukwaa la kusomea, liitwalo bima. Hapa ndipo palipo na mjadala mrefu kuliko wote, na ndipo msomaji anayeingia sinagogi kwa mara ya kwanza atakapoitambua jamii iliyolijenga. Desturi ya kale huliweka katikati ya ukumbi, ili sauti iwafikie watu wa pande zote sawasawa. Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno mara nyingi hulisogeza hadi mwisho wa ukumbi, kinyume na kabati, na viti hupangwa kwenye kuta ndefu vikitazamana, katikati pakabaki njia tupu. Hivyo ndivyo lilivyo sinagogi la Bevis Marks mjini London, lililofunguliwa mwaka 1701, na lile kubwa la Wareno mjini Amsterdam la mwaka 1675. Karne ya 19 wanamageuzi wa Ujerumani walilihamishia bima mbele, likaungana na kabati, na watu wote wakakaa wakitazama upande mmoja. Marabi wa mapokeo walipinga vikali, wengine wakiona kwamba sinagogi limegeuzwa kanisa.

Mimi naegemea upande wa katikati, na sababu yangu ni ya kiusanifu kabla ya kuwa ya kidini. Bima likiwa mbele, ibada inakuwa jambo la kutazamwa. Likiwa katikati, gombo linapotolewa lazima lipite kati ya watu, kwenda na kurudi, na wanaosogea kuligusa vazi lake kwa ncha ya shali ya sala ni wengi, wakiwemo wa viti vya nyuma. Njia basi iwe pana: mbebaji ana mzigo mikononi na hawezi kutazama miguu yake.

Kipimo cha meza nacho hutegemea gombo. Wayahudi wa Ulaya ya mashariki na kati hulivisha gombo joho la kitambaa, wakalivua na kulilaza juu ya meza iliyoinama kidogo wakati wa kusoma. Wa Iraki, Iran na Yemen hulitia ndani ya bweta gumu la mbao au madini, nalo husomwa likiwa limesimama wima, kwa hiyo meza yao ni bapa. Ukichonga meza ya mwinamo kwa watu wa bweta, umewachongea kitu wasichoweza kukitumia. Pembeni ya meza iachwe nafasi ya mtu kulinyanyua gombo likiwa wazi, safu za maandishi zisizopungua tatu zikionekana, na kuzunguka nalo. Na dari iliyo juu ya bima isiwe na taa iliyoshuka mno.

Kuna suala la ngazi. Bima kwa desturi huinuliwa, na kupanda kwake ni heshima: anayeitwa kusoma "hupanda". Lakini mzee wa miaka 80 na kijana wa kiti cha magurudumu nao huitwa. Katika majengo mapya ni kosa kubwa kuweka ngazi bila mteremko wa kupandia. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Bima la sentimita 30 linadai mteremko wa meta 3.6, na ndiyo maana wengi sasa wanachagua bima la chini. Uamuzi huo ufanyike kabla ya msingi kumwagwa.

Kuhusu viti, kuna jambo ambalo mgeni hulitambua akikaa: masinagogi mengi ya mapokeo yana visanduku vyenye kitasa chini ya kiti au mbele yake. Siku ya Sabato, Myahudi anayeshika sheria habebi vitu njiani, kwa hiyo shali na kitabu chake cha sala hubaki hapo wiki nzima.

Wanawake na wanaume hukaa pamoja katika jamii za mageuzi. Kwa Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria ya mapokeo, hutenganishwa, ama kwa kizuizi ama kwa roshani ya juu. Zamani roshani nyingi zilizibwa kwa kimiani kizito, zenye joto, mbali na sauti. Hilo halikuwa sharti la sheria peke yake. Lilikuwa pia uvivu wa wabunifu. Kizuizi kinachougawa ukumbi sawa kwa sawa, pande zote mbili zikiwa na umbali uleule hadi kwenye bima, kinatimiza sheria ileile na kumheshimu kila aliyekuja kusali.

Mwanga una maagizo yake. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi kuhusu sheria, inataka mtu asali katika nyumba yenye madirisha, na wanasheria wa baadaye walisifu madirisha 12, kwa idadi ya makabila ya Israeli. Usiku wa Sabato, Waorthodoksi hawawashi wala kuzima umeme, hivyo taa huendeshwa kwa saa iliyotegwa kabla jua halijazama Ijumaa. Hapa mafundi wa leo huteleza mno: wanafunga chooni taa zinazojiwasha mtu akiingia, bomba zinazotoa maji zenyewe, milango inayojifungua. Kwa jengo la ofisi ni sifa. Kwa sinagogi, mzee mcha Mungu anasimama nje ya choo asijue afanye nini. Wekeni swichi ya kuuzima mfumo huo wote siku ya Sabato.

Kipaza sauti nacho huachwa siku hiyo kwa Waorthodoksi, kwa hiyo ukumbi wenyewe ndio ubebe sauti. Mbao na lipu husaidia. Zulia zito ukuta hadi ukuta huimeza. Amsterdam walimwaga mchanga mwembamba juu ya sakafu ya mbao, unyonye vumbi na unyevu wa viatu na kupunguza kishindo cha hatua, na mchanga huo upo hadi leo. Ukumbi huo hauna umeme. Ukiwashwa wote hutumia mishumaa ipatayo elfu moja.

Sakafu ninayoipenda kuliko zote iko Kochi, India, katika sinagogi la Paradesi lililojengwa mwaka 1568. Karne ya 18 iliwekewa vigae vya kaure kutoka China, vya bluu na nyeupe, vilivyochorwa kwa mkono. Mtu huvua viatu kabla ya kukanyaga. Msomaji wa Lamu au Kilwa hatashangaa: ni bahari ileile na biashara ileile iliyoleta mabakuli ya kaure tuliyoyapachika kwenye kuta za misikiti na makaburi yetu. Masinagogi ya Kerala yana bima mbili, moja chini na moja juu kwenye roshani, ya juu ikitumika Sabato na sikukuu.

Wengi hudhani kuta lazima ziwe tupu kwa sababu sanamu zimekatazwa. Sinagogi la Dura-Europos nchini Syria, la mwaka 244 hivi, lilipofukuliwa mwaka 1932 lilikutwa limechorwa Musa, Esta na Ezekieli kwenye kuta zake, na kidaka cha gombo katikati. Kinachokatazwa hasa ni kuabudu picha. Jamii nyingi hata hivyo hupendelea herufi, mimea na wanyama.

Kituo cha jamii kilichoungana na sinagogi kina shida za aina nyingine. Mtindo wa kuweka ukumbi wa sala, madarasa, uwanja wa mazoezi na bwawa la kuogelea chini ya paa moja ulipata nguvu New York, ambako The Jewish Center ilifunguliwa mwaka 1918. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wasanifu Erich Mendelsohn na Percival Goodman walibuni kumbi zenye kuta za kukunja, kwa kuwa siku za Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho watu huongezeka maradufu na zaidi, kisha viti hubaki vitupu. Kwa jamii ndogo kama zetu, ukuta wa kukunja una faida kuliko ukumbi mkubwa.

Jikoni panahitaji hesabu ya makini. Nyama na maziwa havichanganywi: sinki mbili, meza mbili, sufuria na visu seti mbili, mara nyingi vikiwekewa alama nyekundu kwa nyama na bluu kwa maziwa. Pakiwa padogo, ni heri jamii ichague jiko la maziwa tu na kulifanya vizuri. Karibu na mlango wa chumba cha kulia iwepo beseni ya kunawia mikono kabla ya mkate, na kikombe chenye mikono miwili.

Mlangoni siku hizi hakukwepeki kuzungumzia usalama. Tarehe 27 Oktoba 2018 watu 11 waliuawa wakiwa ibadani katika sinagogi la Tree of Life, Pittsburgh. Masinagogi mengi sasa yana milango miwili mfululizo na mlinzi kati yake. Mbunifu ahakikishe nafasi hiyo ina benchi, kivuli na mwanga wa jua, ili anayekuja kusali asipokelewe kama mshukiwa.

Chumba cha mwisho husahaulika kwenye michoro: hifadhi ya maandishi yaliyochakaa, iitwayo geniza. Karatasi au ngozi yenye jina la Mungu haitupwi. Hukusanywa, kisha huzikwa makaburini. Sinagogi la Ben Ezra la Kairo ya Kale liliyalimbikiza kwa karne nyingi bila kuyazika. Mwaka 1896 msomi Solomon Schechter alikwenda huko na kurudi Cambridge na vipande zaidi ya 190,000, zikiwemo barua za wafanyabiashara waliovuka Bahari ya Hindi karne ya 11 na 12. Kabati la namna hiyo halidai nafasi kubwa. Chini ya ngazi panatosha, mradi pawe pakavu, pana mlango wa kufunga kwa ufunguo, na upenyo wa kupitishia kitabu upana wa mkono.