Eneo la wazi lina kazi yake kwenye mchoro

Malalamiko ya uvamizi wa maeneo ya wazi yanaongezeka kwenye dawati letu la mipangomiji, na mengi yanaanzia kwenye neno lenyewe. Mtu akisikia "wazi" anaelewa "tupu", au mbaya zaidi, "halina mwenyewe". Kwenye mchoro wa mipangomiji, yaani ramani inayoonyesha kila eneo limepangiwa matumizi gani, eneo la wazi limepangiwa kazi kama ilivyopangiwa shule au zahanati: watoto wacheze, maji ya mvua yazame, gari la zimamoto lipate pa kugeuzia. Viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, vilitokana na ukanda ulioachwa na wakoloni kutenganisha Uhindini, walikoishi Wahindi, na Kariakoo, walikoishi Waafrika. Nia ile haikuwa njema, lakini leo hatungepata nafasi kama ile katikati ya jiji.

Nyasi zikiota miaka kumi hazibadili matumizi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nayo haibadili; muhuri wake haugawi ardhi. Hili tumelisema mno.

Sheria ya Mipangomiji, Sura 355, iliyotungwa mwaka 2007, inataka uendelezaji ufuate mpango na upate idhini ya mamlaka ya upangaji. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata senti kwa anayekuuzia kiwanja, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kitalu na ya kiwanja. Omba mchoro wa mipangomiji, omba pia ramani ya upimaji, kisha linganisha. Kubadili matumizi kunahitaji maombi ya maandishi, tangazo kwa umma ili wenye pingamizi walilete, vikao vya halmashauri, halafu wizara. Kabla ya hapo mchoro uliopo ndio unaotumika.

Ukijenga bila kibali utapewa notisi ya kusitisha, utawekewa X nyekundu na kutakiwa kubomoa kwa gharama zako. Ukikaidi, halmashauri itabomoa na kukudai gharama hizo, na unaweza kushtakiwa. Usitegemee fidia, aliyekuuzia ndiye wa kumdai.

Turubai la msiba au harusi halina shida, toeni taarifa tu ofisi ya mtaa. Kontena la duka ni uvamizi, hata ukilifunga magurudumu. Na jirani anayesogeza ukuta kidogo kila anapokarabati asidhani haonekani: bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zina namba, na mpima ardhi akija atazitafuta moja moja.