Kukata "a" na "que" sio kufupisha Kihispania

Wiki hii tena mwanafunzi kanitumia kazi yake ya chalenji, ile ya kutafsiri kwenda Kihispania kwa maneno machache iwezekanavyo, na kabla sijafungua nishajua nitakuta nini, vineno vyote vidogo vimefyekwa. Watu wanaamini el, la, a, que ni vya kujazia tu, ukivitoa umefupisha. Jamani hapana, hapo umebadilisha maana.

Sentensi ilikuwa "namtafuta daktari mmoja". Yeye kaandika Busco un médico, maneno matatu, kafurahi. Lakini hiyo ni "natafuta daktari", yeyote yule ilimradi atibu. Daktari unayemjua wewe ni Busco a un médico, na hako ka-a ndiko kanafanya kazi ya -m- yetu kwenye "namtafuta". Yaani sisi Waswahili ndio wa kulielewa hili haraka kuliko wote, kwani nani anaitupa -m- akiandika Kiswahili ili apunguze herufi? Quiero a una niña, nampenda mtoto fulani wa kike. Quiero una niña, nataka mtoto wa kike. Herufi moja tu hiyo! Na No creo que venga, "sidhani kama atakuja", bila que haisimami kabisa.

Kama unataka kukata kata mafungu mazito, con el fin de (kwa lengo la) weka para, debido a que (kwa sababu) weka porque, llevar a cabo una revisión (kufanya ukaguzi) ni revisar basi. Mimi huwa naanza na kitenzi, nikikipata kile chenyewe nusu ya sentensi inajiondoa.

Eti viwakilishi vyote vitupwe: yo (mimi) na tú (wewe) sawa, hablo inajitosheleza kama "nasema", ila usted, "wewe" ya heshima, angalia, maana Vive aquí ni "anaishi hapa" na pia "unaishi hapa" kwa mtu unayemheshimu.

Kuondoa ¿ ya mwanzo hakupunguzi neno hata moja na ni kosa la tahajia. Na ñ usiiguse, año ni mwaka, ano ni tundu la haja kubwa.

Halafu kuna wanaosema Kihispania lazima kiwe kirefu kuliko Kiswahili. Mara nyingi kweli, "nitakupigia" neno moja, te llamaré mawili, lakini "ni marufuku kuvuta sigara" manne na Prohibido fumar mawili, na "nipe hiyo" ni Dámelo, moja tu.