“Akisaini, shule ndiyo basi”: dhana zinazowapotosha wazazi wa nyota wa soka vyuoni Marekani

Kila ifikapo Novemba, mashindano ya soka la wanawake ya vyuo vya Marekani yanapoingia hatua ya mtoano, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wazazi waliotoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi, sasa wako Texas, Ohio, Minnesota na kwingineko. Binti anachezea chuo, anafunga mabao, na skauti wa klabu ameonekana jukwaani. Nikigusa tu habari ya mkataba, nakatishwa: “Hapana mshauri, kwetu ni shule kwanza. Akisaini, shule ndiyo basi.”

Kauli hiyo imenichosha. Wazazi hawakosei kuipenda elimu. Wengi wamevuka bahari kwa ajili yake. Wanakosea kufunga pamoja vitu viwili ambavyo kanuni imevitenganisha, halafu wanampangia mtoto maisha juu ya kosa hilo.

Dhana: akisaini mkataba wa kulipwa, shahada imepotea

Kinachokwisha siku anaposaini ni ustahiki wa kuchezea timu ya chuo. Utaratibu wa miaka mingi wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu, umekuwa misimu minne ndani ya miaka mitano; akisaini, misimu iliyobaki inafutika na hairudi. Lakini mwanafunzi anabaki mwanafunzi. Chuo hakimwondoi darasani kwa kuwa amekuwa mchezaji wa kulipwa, kama kisivyomwondoa aliyepata kazi benki. Masomo aliyofaulu ni yake.

Maswali ya kweli ni mawili: amebakiza masomo mangapi, na ada yake atailipa nani.

Tuanze na masomo. Msimu wa vyuo huanza Agosti na kuisha mwanzoni mwa Desemba. Klabu za NWSL, ligi kuu ya wanawake ya huko, huingia kambini mwanzoni mwa mwaka, na ligi huchezwa kuanzia Machi hadi Novemba. Kwa hiyo mchezaji wa mwaka wa nne akisaini Desemba, mara nyingi amebakiza muhula mmoja, ule wa Januari hadi Mei. Muhula mmoja! Wapo wanaosoma masomo ya ziada kila kiangazi tangu mwaka wa pili ili Desemba wawe wamehitimu kabisa. Wapo wanaomalizia kwa mtandao, masomo mawili mawili, asubuhi mazoezi na usiku mtihani hotelini. Inachosha, sikatai. Ila hiyo si kuacha shule.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu mpira kabisa, na wazazi huniona wa ajabu: nendeni ofisi ya msajili wa chuo, muombe orodha iliyoandikwa ya masomo aliyobakiza na yapi kati yake yanasomwa kwa mtandao. Sijadili mkataba wowote kabla sijaiona karatasi hiyo. Kuna familia zinagombana wiki nzima kuhusu “kuacha shule”, kumbe binti amebakiza masomo manne. Na kuna kinyume chake: binti amehama chuo, akabadilisha fani mara mbili, kwa jina yuko mwaka wa tatu, kwa masomo hajaumaliza wa pili. Huyo mazungumzo yake ni mengine, na pengine kwake “shule kwanza” ni jibu sahihi. Lakini litoke kwenye karatasi, lisitoke kwenye hofu.

Ada sasa, na hapa ukweli unauma kidogo. Ufadhili wa michezo unakoma. Kwa muda mrefu chuo cha Divisheni ya Kwanza kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili usiozidi 14 kwa soka la wanawake, na makocha waliugawa vipande ili utoshe kikosi kizima, ndiyo maana wachezaji wengi walikuwa na nusu au robo tu. Tangu 2025, kufuatia makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo wa vyuo waliishtaki NCAA, vyuo vilivyoingia kwenye mfumo mpya havina tena ukomo huo. Kilichowekewa ukomo ni kikosi, wachezaji 28. Ila kuruhusiwa kutoa si kutoa. Tangu Agosti 2024 pia, NCAA inavitaka vyuo vya Divisheni ya Kwanza viwasaidie waliokuwa na ufadhili kamili warudi kumalizia shahada, hata ikiwa ni miaka 10 baadaye. Aliyekuwa na nusu asijihesabu humo mpaka chuo kimwandikie.

Na klabu je? Klabu inaweza kuombwa ilipe ada ya masomo yaliyobaki, na ombi hilo likaandikwa ndani ya mkataba. Kuomba ni bure. Kinachonikera ni hiki: wazazi wanabishania nyumba, gari na tiketi za ndege, kipengele cha ada hawakigusi hata kidogo, kisha wananiambia wao ni shule kwanza.

Mifano ipo ya kila namna. Naomi Girma, ambaye wazazi wake wametoka Ethiopia, alihitimu Stanford, akaanza na San Diego Wave mwaka 2022, na Januari 2025 Chelsea wakamnunua kwa takriban dola milioni 1.1, mwanamke wa kwanza kuvuka milioni. Sophia Smith, siku hizi Sophia Wilson, aliondoka Stanford hiyohiyo mwaka 2020 baada ya misimu miwili, na mwaka 2022 akawa mchezaji bora wa ligi akiwa Portland Thorns. Trinity Rodman hakuwahi kuchezea chuo mechi hata moja. Janga la korona lilisimamisha msimu wake wa kwanza, akaingia Washington Spirit akiwa na miaka 18 na kutwaa ubingwa mwaka huohuo wa 2021. Michelle Alozie wa Nigeria ana shahada ya Yale, na alipokuwa beki wa Houston Dash alikuwa pia akifanya kazi ya utafiti wa saratani katika hospitali ya watoto ya jijini humo. Wanne hao, milango minne.

Kinachopaswa kupimwa ni dakika atakazocheza uwanjani. Mimi huuliza hivi: akibaki chuoni mwaka mmoja zaidi, atajifunza nini ambacho leo hakijui? Akienda klabu fulani, nani anacheza nafasi yake sasa, ana umri gani, mkataba wake unaisha lini? Mshambuliaji anayewazidi mabeki wote wa kanda yake na kumaliza mechi bila jasho, mwaka wa nne unamdumaza. Kiungo wa miaka 20 anayekwenda kukaa nyuma ya nahodha mwenye mkataba wa miaka mitatu, naye atadumaa, tena benchi. Wazazi wengi hawajawahi kufungua orodha ya kikosi cha klabu inayomtaka mtoto wao. Ipo wazi kwenye tovuti ya klabu, dakika tano zinatosha.

Dhana: asubiri drafti

Hakuna drafti, ule utaratibu wa klabu kuchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Naandika hivyo kwa sababu bado natumiwa video za drafti za zamani na kuulizwa binti atachaguliwa raundi ya ngapi. NWSL waliifuta katika makubaliano mapya na chama cha wachezaji yaliyotangazwa Agosti 2024. Ya mwisho ilifanyika Januari 2024, na aliyetajwa wa kwanza alikuwa Ally Sentnor wa North Carolina, aliyekwenda Utah Royals.

Kabla ya hapo klabu ilikuwa inachukua haki zako bila kukuuliza: unakwenda ulikotajwa, au unatafuta maisha nje ya nchi. Sasa mchezaji huchagua mwenyewe, na hata akishasajiliwa hawezi kuhamishiwa klabu nyingine bila ridhaa yake. Ni ushindi mkubwa kwa wachezaji, ila una upande wa pili ambao familia hazijaushtukia. Hakuna jukwaa ambalo mtu atasimama na kulisoma jina la binti yenu. Klabu isipomjua, Januari itapita kimya. Kwa hiyo video zipangwe mapema, tena mechi nzima na si mabao tu, na mwaliko wa kufanya majaribio kambini usidharauliwe.

Tahadhari moja: chuoni, makubaliano na wakala au na klabu, hata ya mdomo, yanaweza kumwondolea ustahiki kabla msimu haujaisha. Kanuni hizi zimekuwa zikibadilikabadilika. Kila chuo kina ofisi ya kusimamia kanuni za NCAA. Ulizeni huko kwa barua pepe, mjibiwe kwa barua pepe, kabla ya kusaini au kuahidi chochote.

Dhana: soka la wanawake halina hela

Na pacha wake: akisaini tutajenga. Ligi ilipoanza 2013, kima cha chini kilikuwa dola 6,000 kwa msimu. Mwaka 2025 kilikuwa 48,500, na makubaliano yanakipandisha hadi 82,500 ifikapo 2030. Anayeanza aweke akilini tarakimu za aina hiyo, si milioni za Girma. Dola 48,500 kwa anayepanga chumba San Diego au Los Angeles ni maisha ya kawaida, kodi ya serikali ikishakatwa. Kaka na binamu walioko nyumbani waelezwe mapema.

Dhana: abaki chuoni, siku hizi nako wanalipwa

Wanalipwa, ndiyo. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaruhusiwa kuingiza fedha kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kugawana mapato na wachezaji. Lakini fungu kubwa huenda kwa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume, sehemu kubwa ya soka la wanawake huambulia viatu na matangazo ya mgahawa wa jirani. Aliyekwenda na viza ya mwanafunzi awe mwangalifu zaidi: viza hiyo hairuhusu kazi holela, na tangazo la kulipwa linaweza kuhesabika kuwa kazi. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwanza, tabasamu la kamera baadaye.

Dhana: nyota wa chuo ataanza kikosi cha kwanza

Divisheni ya Kwanza ina zaidi ya timu 300 za wanawake. NWSL ya 2026 ina klabu 16. Piga hesabu mwenyewe ni mabinti wangapi wanaitwa nyota kila Novemba na nafasi ziko ngapi, kisha ongeza kwamba nafasi hizo zinagombewa na Wabrazili, Wajapani na Wazambia. Mchezo wenyewe pia ni tofauti. Chuoni kanuni zinaruhusu mchezaji aliyetolewa kurudi uwanjani kipindi cha pili. Anapumzishwa, anarudi na mapafu mapya, anamaliza beki aliyechoka. Kwenye ligi akitoka ametoka. Nimeona mawinga waliokuwa moto chuoni wakipotea dakika ya 60, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hawajawahi kucheza dakika 90 mfululizo kwa miezi tisa.

Dhana: bila chuo cha Marekani hafiki popote

Temwa Chawinga wa Malawi alipitia Sweden na China, akatua Kansas City Current, na mwaka 2024 akafunga mabao 20 na kuwa mchezaji bora wa ligi. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton. Basi.

Dhana: ikishindikana Marekani, ataenda Uingereza

Uingereza ina mfumo wa pointi kwa wachezaji wa kigeni, na pointi hupatikana zaidi kwa kuchezea timu ya taifa na kwa uzito wa ligi unayotoka. Mhitimu wa chuo asiye na mechi za taifa mara nyingi hazifikishi. Wahitimu wa aina hiyo mimi huwaelekeza Iceland au Sweden, ambako Wamarekani wengi waliotoka vyuoni huanzia. Baridi kali, hela kidogo, dakika nyingi. Ulaya bara nako kuna njia nyingine: Jennifer Echegini wa Nigeria alitwaa tuzo ya Hermann ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2023 akiwa Florida State, na Januari 2024 akasaini Juventus ya Italia.

Dhana: kocha wake wa chuo atatuongoza

Kocha anaweza kuwa mtu mwema sana. Lakini kocha huyo anamhitaji mshambuliaji wake Agosti ijayo, na kibarua chake kinategemea mechi zitakazochezwa na binti yenu. Msikilizeni kuhusu mpira wake: mguu wa kushoto, uamuzi ndani ya boksi, tabia mazoezini. Akianza kuwaambia ni lini mtoto aondoke, mshukuruni, kisha mtafuteni mtu wa pili asiye na kikosi cha kupanga.